Ukoo Ambao Haukupimwa

Kaeni. Nanyi saba mlioko benchi la mbele, mliovaa suti mpya, kaeni. Ratiba iliyobandikwa mlangoni inasema kwamba saa hii niwaite mmoja mmoja, mpige magoti, niwawekee mikono, muwe wazee wa usharika huu kwa miaka minne. Sijawaita. Huenda leo nisiwaite kabisa. Itategemea tutakavyousikia mfano huu, na anayepaswa kuusikia wa kwanza ni mimi.

Mfano ni wa panya.

Naona upande wa kwaya mnatazamana. Anayetaka kucheka acheke, nina muda. Nimechagua panya kwa sababu nimekasirika, na mtu aliyekasirika akianza na majina ya watu hufika mbali kuliko alikokusudia. Panya hawatanishtaki.

Palikuwa na mwanamke mmoja, mtunza panya katika chuo fulani. Msifikirie panya wa darini, wanaotoboa magunia na kula sabuni. Hawa ni panya weupe wa utafiti, wadogo, wanaokaa watano watano katika vizimba safi vyenye maranda laini na chupa ya maji inayoning'inia. Mama huyu aliwatunza miaka kumi na minne. Alijua yupi anapenda kulala pembeni na yupi ana tabia ya kumng'ata mwenzake mkia. Akiingia asubuhi aliwasalimu, na hakuona aibu kuwasalimu.

Chumba kile kilikuwa na desturi yake. Panya akiletwa kutoka nje, hata kama ametoka chuo chenye sifa kuliko hicho, haingii moja kwa moja. Analala wiki sita katika chumba cha pembeni, karantini. Anatolewa damu. Kinyesi chake kinapimwa. Manyoya yake yanachambuliwa kama mama anavyomchambua mtoto chawa. Likionekana jambo dogo, anarudishwa nyuma au anauawa. Asipoonekana na jambo, anapewa karatasi yenye mhuri, ndipo mlango unafunguliwa. Desturi nzuri, nani ataipinga?

Lakini ndani ya chumba kulikuwa na panya wengine walioitwa ukoo wa kwanza. Hao walianza na chumba chenyewe, miaka ishirini na miwili nyuma. Walikuwamo kabla ya rangi iliyopo ukutani. Vizimba vyao vilikaa kwenye rafu ya juu, karibu na dirisha, na msimamizi mkuu, ambaye wote walimwita Profesa, akija na wageni aliwapeleka kwenye rafu hiyo kwanza. Na hao wa ukoo wa kwanza walipimwa nini?

Hawakupimwa kitu. Hapakuwa na sheria inayosema wasipimwe. Hapakuwa na mtu aliyekataza. Ni kwamba katika miaka yote ishirini na miwili hakuna aliyewahi kufikiri kuwapima. Sheria haikuandikwa popote, na kila mtu aliifuata. Mnazijua sheria za namna hiyo? Au niendelee?

Mwaka mmoja wakaletwa panya sitini kutoka chuo kingine. Vizimba kumi na viwili. Wakakaa karantini wiki sita, wakapimwa kila kinachopimika, wakatoka safi. Yule mama akawapanga rafu ya chini na kutundika karatasi zao kwenye vizimba.

Wiki ya tatu, panya wa rafu ya juu wakaanza kufa.

Hawakufa kwa kishindo. Panya mmoja anajikunja, manyoya yanasimama, macho yanafumbika nusu, tumbo linajaa. Siku mbili, tatu, amekwisha. Kisha mwingine. Mama akachemsha chupa za maji. Akabadilisha maranda mara mbili kwa siku. Akanawa mikono mpaka ngozi ikapasuka. Akabadilisha gunia la chakula akidhani limeota ukungu. Panya wakaendelea kufa, na waliokufa wote walikuwa wa ukoo wa kwanza.

Profesa akaitwa. Akasimama katikati ya chumba, barakoa imeshuka kidevuni, akatazama juu, akatazama chini.

"Hawa wa chini wamekuja lini?"

"Wiki ya tatu hii, Profesa."

"Na vifo vimeanza lini?"

Jibu lilikuwa wiki ile ile ya tatu.

"Umeona," Profesa akasema.

"Lakini wamepimwa, Profesa. Karatasi zao hizi hapa. Na wao wenyewe hawaumwi, wanakula vizuri tu."

"Karatasi nazo haziumwi, dada. Ugonjwa wanao, wanaubeba tu."

"Basi tuwapime na hawa wa juu. Tuwatoe damu hata wawili, tujue wana nini."

Profesa akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu aliyesikia kitu kigeni masikioni mwake.

"Ukoo wa kwanza? Wewe ukienda kwa watu unampima mwenye nyumba?"

Akatoa amri. Vizimba kumi na viwili viondolewe kabla ya Ijumaa.

Mama akaomba apewe wiki moja. Hakupewa. Akaomba siku tatu. Profesa akamwambia, "Kila siku unayowahurumia hawa, unawaua wale." Mnaona jinsi neno linavyoweza kusimama vizuri na bado likawa la uongo?

Basi Alhamisi mama akafanya kazi yake. Kuna boksi la kioo, kuna mtungi wa gesi. Panya watano wanaingizwa, gesi inafunguliwa polepole ili wasihangaike, wanalala. Watano wengine. Watano wengine. Mara kumi na mbili. Walikuwa wazima, kwa hiyo walichukua muda. Wengine walisimama kwa miguu ya nyuma wakanusa pembe za kioo. Wengine walimjia mkononi alipowashika, kwa sababu mkono ule ndio uliowalisha. Mkono ambao wameuzoea ndio ukawatia ndani ya boksi. Fikirini hilo kidogo. Mimi nimelifikiria wiki nzima na sijamaliza.

Chumba kikasafishwa. Siku nane hakufa panya hata mmoja. Watu wa chuo wakapongezana. Profesa akanunua soda. Akamwambia mama, "Sasa umeona? Unahitaji kujifunza kuwa na moyo mgumu."

Siku ya tisa wakafa wanne. Rafu ya juu.

Hapo ndipo alipoletwa daktari wa wanyama kutoka nje ya chuo, mtu wa maneno machache. Akaweka panya aliyekufa kwenye trei, akampasua, akainama. Akamwita mama.

"Njoo uone. Bandama ya panya mzima ni nyembamba, kama kipande cha kucha. Hii je?"

Ilikuwa imevimba kama tende.

"Na figo hizi zimepauka. Zimeliwa. Mmempima huyu?"

"Huyu ni wa ukoo wa kwanza," Profesa akajibu kutoka mlangoni.

"Sikuuliza ukoo wake."

Daktari akachukua damu ya waliokufa na ya waliobaki, akaondoka nayo, akarudi baada ya siku kumi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Akamgeukia mama, si Profesa, kwa sababu alikuwa ameona nani ana mikono iliyopasuka.

"Dada, unajua askari wa panya wanazaliwa wapi?"

"Kwenye damu, Daktari?"

"Kwenye damu wanapita. Wanazaliwa ndani ya mfupa, kwenye uboho. Mamilioni kila siku, kwenye mnyama mdogo hivi. Na kila mmoja anapozaliwa anajitengenezea mkono wake wa kukamatia adui, anaunganisha vipande ovyo ovyo, bila kuona. Hajui mkono wake utamshika nani. Unaweza kuwa wa kushika kijidudu ambacho hakijafika bado. Unaweza usishike chochote. Na unaweza kuwa wa kushika figo ya mwenye mwili."

"Sasa mwili unajuaje?"

"Unawapima. Hapo hapo mfupani, kabla hawajatoka. Asiyeweza kuunda mkono kabisa anakufa. Aliyeunda, anawekewa mbele yake vitu vya mwili wenyewe. Akivikamata kwa nguvu, anazuiwa. Hauawi papo hapo. Anapewa nafasi ya kuubadilisha ule mkono. Akibadilika, anaendelea. Akirudi na mkono ule ule wa kushambulia ndugu zake, anafia pale pale alipozaliwa."

"Na asiyeushika mwili kabisa, huyo ndiye mzuri?"

Daktari akatabasamu kidogo.

"Si hivyo. Asiyegusa chochote naye hafiki mbali. Wanaokomaa vizuri ni wale wanaougusa mwili kwa upole na kuuachia. Wanaujua, hawaung'ang'anii. Hao ndio wanaotoka mfupani kwenda kwenye bandama, na kule nako kuna mtihani. Kuna chakula fulani cha kuwaweka hai, na mwili unakitoa kwa kipimo, hakiwatoshi wote. Wale waliotoka mfupani wakiwa bado na shaka, wenye mkono unaoelekea kuchubua, wanashindwa kukipata. Katika mia waliozaliwa, kumi ndio wanafika kwenye bandama, na kati ya hao kumi wanaokomaa ni wachache mno. Mwili ni mkali kwa walinzi wake kuliko kwa adui zake. Ndiyo maana tunaishi."

"Na hawa wetu?"

"Hawa wenu wamezaliwa na kasoro. Kile chakula cha bandama kwao kinamwagika bila kipimo. Kila askari anashiba, hata yule ambaye alipaswa kushindwa mtihani. Anashiba, anakomaa, anapewa eneo la kulinda. Kisha anafanya kazi yake kwa bidii kubwa. Anashambulia figo usiku na mchana, na ana hakika kwamba anailinda nyumba."

Profesa akasogea. "Kasoro hiyo imeletwa na nani?"

"Haikuletwa na mtu. Imezaliwa humu, kwa dume mmoja wa rafu hii. Nimeona kwenye kumbukumbu zenu mlimzalisha sana, ana umbo zuri. Watoto wake wapo karibu kila kizimba."

"Kwa hiyo hakukuwa na ugonjwa uliotoka nje?"

"Hakuna adui aliyewahi kuingia humu, Profesa. Wamekufa ndani ya kizimba safi, wakiwa na chakula kizuri na maji yaliyochemshwa. Wameuawa na askari wao."

Mama hakuwa akimsikiliza tena daktari. Alikuwa anatazama rafu ya chini. Ilikuwa tupu, inang'aa, imesuguliwa kwa dawa.

"Na wale sitini?" akauliza.

Akamgeukia Profesa.

"Profesa, wale sitini?"

Profesa akavuta barakoa akajifunika vizuri. "Andika waliondolewa kwa tahadhari."

"Tahadhari ya nini?"

"Dada, usiniongezee."

Mama akaenda kwenye droo alimoweka zile karatasi za vile vizimba kumi na viwili. Akachukua kalamu ya wino mzito. Juu ya kila karatasi akaandika, *Hawa walikuwa wazima.* Akazibandika zote kumi na mbili kwenye rafu ya juu, moja chini ya kila kizimba cha ukoo wa kwanza, Profesa akiwa amesimama pale pale. Kisha akamwuliza daktari aanzie wapi kupima.

"Pima kila mmoja," daktari akasema. "Anza na anayependeza."

Mfano umeishia hapo. Kama yule mama alifukuzwa kazi au alibaki, sijui, na sisi hilo halituhusu. Linalotuhusu liko humu ndani, na sasa nitasema habari za watu.

Tuna desturi nzuri usharika huu. Mtu akihamia kutoka mbali, tunadai barua ya utambulisho yenye mhuri wa alikotoka. Tunamwuliza amebatizwa wapi, ameoa vipi, watoto wake ni wangapi na mama yao ni nani. Anasubiri miezi sita kabla ya kuifikia meza ya Bwana. Sawa. Lakini aliyezaliwa hapa, ambaye babake alibeba mawe ya msingi wa jengo hili, huyo tunamwuliza nini? Mzee anayeketi mbele, ambaye harusini sahani yake inajazwa kwanza na msibani kiti chake kinafutwa vumbi, nani amewahi kumchunguza mkono wake unamshika nani?

Mmoja wetu amekuwa mwenyekiti wa kamati ya maadili miaka minane. Simtaji. Anajijua, mnamjua, na yuko kwenye orodha ya leo. Alimsimamisha binti wa kwaya hapa, kwenye sakafu hii, akamwuliza mbele ya watu mia tatu mimba ni ya nani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho cha nyuma yangu. Aliwarudisha vijana mlangoni kwa sababu ya kusuka nywele, wakarudi nyumbani, na hawajaonekana tena. Mjane wa mtaa wa juu alipofiwa, mwenyekiti huyo alikwenda kwake kabla ya mazishi, maiti ikiwa bado ndani, akamwambia marehemu hakushiriki meza mwaka mzima, kwa hiyo kengele haitapigwa. Na kengele haikupigwa. Tulimzika mtu yule kimya kama tunaficha kitu. Mnakumbuka? Mlisimama pale. Nilisimama pale.

Tulisema nini? Tulisema ni mkali kwa sababu anaipenda nyumba ya Mungu. Tulisema kila kanisa linahitaji mtu wa namna hiyo. Tukampa heshima, tukampa ufunguo, tukamchagua tena. Tulimlisha. Alishiba kwetu.

Kisha benchi za upande wa kushoto zikaanza kuwa wazi. Hizo hapo, zitazameni. Kwaya ilikuwa na watu arobaini, leo ni kumi na saba. Hatukulia kwa sababu ya kilichokuwa kinatula. Tuliitisha kikao tutafute nani ametuletea balaa. Nitawaambia kilichosemwa kwenye kikao hicho, kwa sababu mlikuwa na haki ya kukijua tangu siku ile.

Mzee mmoja alisema, "Mchungaji, hali hii imeanza lini? Tuseme ukweli. Ni tangu waje wale wa Kigoma."

Nikasema, "Wana barua. Wamesubiri miezi yao sita."

Akasema, "Barua? Hata mganga anaweza kuandikiwa barua."

Wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu, kwa sababu sikutaka kuonekana mgeni kati ya wenyeji wangu. Mwingine akasema wanawake wanamwogopa mama Nyabenda, mama wa familia hiyo ya Kigoma, kwamba anatazama watoto wa watu muda mrefu. Mwanamke aliyezika watoto wawili akitazama watoto wa wenzake, tukamtungia hayo. Saa kumi jioni barua ilikuwa imechapwa. Inasema familia ya baba Nyabenda inashauriwa kutafuta usharika mwingine kwa ajili ya amani. Chini yake kuna sahihi, na sahihi ile ni mwandiko wangu.

Niliwapa barua hiyo Jumamosi, hapo nje ya ofisi. Mama Nyabenda alikuwa na ufagio mkononi. Alikuwa anafagia kanisa kila Jumamosi, hakuna aliyemtuma. Aliisoma, akaikunja, akamtazama mumewe. Kisha akaniuliza, "Mchungaji, nimalizie kufagia?"

Nikamwambia, "Asante, mama. Inatosha."

Inatosha. Hilo ndilo neno nililolipata.

Sasa ni miezi mitano tangu waondoke. Wale wa Kigoma, walioleta balaa, hawapo. Je, tumepona? Benchi za kushoto zimejaa? Vijana wamerudi? Wiki mbili zilizopita mtoto wa shule ya Jumapili alipigwa kofi humu ndani mpaka sikio likatoa damu, kwa sababu alicheka wakati wa sala. Aliyempiga hakutoka Kigoma. Hakuna adui aliyeingia kwa mlango huu. Tulichunguza mlango, tukachunguza wageni, tukasugua rafu ya chini mpaka ikang'aa, na aliyekuwa anatula tulimfanya mwenyekiti.

Nawasikia wengine mioyoni mwenu mnasema, mchungaji leo anataka kanisa lisilo na nidhamu. Hapana. Nataka walinzi. Panya asiye na askari anakufa kwa kijidudu cha kwanza kinachopita. Nataka mzee ambaye mkono wake unajua kushika. Lakini nataka amguse mtu wa nyumba hii na kumwachia akiwa mzima. Nataka binti akisimama mbele yake asitetemeke. Kama mwili wa panya, kitu kidogo kinachotoshea kiganjani, unakataa kumtuma mlinzi kabla ya kumsimamisha mbele ya figo na ini na moyo na kumwuliza, hawa utawafanyia nini, sisi tulio mwili wa Kristo tunawatuma watu kwa kuangalia babu yao ni nani?

Na msiniambie ni mzee mmoja. Yeye alikuwa na mkono, sisi tulikuwa chakula. Kila aliyesikia kengele haipigwi na akanyamaza, alimlisha. Kila mama aliyemvuta mwanawe asikae karibu na mama Nyabenda, alimlisha. Mimi nilimlisha kuliko wote, kwa kalamu.

Basi hivi ndivyo itakavyokuwa. Leo siwawekei mikono ninyi saba. Hata yule kati yenu ambaye sina neno naye, simwekei. Kila mmoja atasimama, si mbele ya baraza, bali mbele ya waliopita mikononi mwake. Binti wa kwaya ataulizwa. Mjane ataulizwa. Mtoto mwenye sikio ataulizwa, na atajibu akiwa amekaa, wewe ndiye utakayesimama. Anayekubali kubadilika atapewa nafasi ya kubadilika, na nafasi hiyo itakuwa ya kweli, nitakaa naye mimi mwenyewe. Asiyekubali hatatoka na cheo humu, hata kama babu yake alilibeba jengo zima kichwani. Na mimi nimemwandikia askofu yote niliyowaambia, pamoja na ile sahihi. Akiona sifai kusimama hapa, nitashuka.

Lakini panya waliolala kwenye boksi hawakuamka. Huo ndio ubaya wa mfano wangu, na hapo ndipo tunaposhukuru kwamba sisi si panya. Watu wetu wako hai. Baba Nyabenda anatengeneza baiskeli karibu na mashine ya kusaga, upande wa pili wa bonde. Ni mwendo wa nusu saa. Leo ni Jumapili, watakuwa nyumbani, maana hakuna usharika uliowapokea. Nimeuliza. Barua yetu imewatangulia kila walikokwenda.

Ibada haifungwi kwa wimbo. Nashuka hapa, natoka kwa mlango ule, naenda kwao kwa miguu. Nitasema hodi. Wasiponifungulia, nitakaa nje kwenye jua, na watakuwa na haki ya kuniacha huko. Anayekuja aje. Asiyekuja asiniambie kesho kwamba alikuwa anatuombea.

Ninyi wa benchi la mbele, inukeni. Miaka yote mnatangulia kwenye sahani. Tangulieni njiani.